Mrushie kiatu

Leprechaun, ya mwaka 1993, ni filamu mbovu, na mie nimeshaiangalia mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa hapa Wete, pamoja na watoto wa kaka yangu, na ndipo nilipoelewa kwa nini sichoki nayo.

Kisa chenyewe chepesi. Mzee karudi Marekani kutoka Ayalandi na dhahabu ya kijini, kijini kamfuata. Miaka kumi baadaye familia nyingine inahamia nyumba ile ile, basi mauaji yanaanza. Mark Jones, aliyeiandika na kuiongoza, hakuwa na fedha za maana, na inaonekana. Jennifer Aniston yumo, kabla Friends haijampa jina, na kazi yake kubwa ni kukimbia. Anayeibeba filamu ni Warwick Davis, kijini mwenyewe, anayefurahia uovu wake kama mtoto aliyefunguliwa duka la peremende.

Halafu kuna viatu. Katika hadithi za Ayalandi, leprechaun ni fundi viatu. Jones kaichukua habari hiyo akaifanya sheria: kijini huyu akiona kiatu kichafu hawezi kukipita, lazima akisafishe. Basi wanaokimbizwa wanamrushia viatu, na muuaji anasimama kuvisugua. "Ami, na makubadhi yako mtupie!" mtoto mmoja akapiga kelele. Kicheko kile hakikubandikwa juu ya mila. Kimetoka ndani yake.

Sisi tunaye Popobawa. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, alivuma Pemba kisha Unguja, na watu wakalala nje kwa makundi, moto umekokwa. Naye ana sheria yake: anayemvamia humwamuru akawatangazie wenzake, la sivyo atarudi. Hebu fikiria. Mwanamume mzima kafanyiwa jambo la aibu, na sasa atoke akaliseme mbele za watu! Hofu na kicheko vimo humo humo, na watu wetu wamekuwa wakimcheka Popobawa huku wakimwogopa. Mussa Banzi, kwa Nsyuka na Shumileta, alishaonyesha kwamba Bongo inaweza kutisha kwa fedha kidogo. Kicheko cha namna hii ndicho ninachokisubiri bado.

Ila pana jambo linanizuia kushangilia. Mwaka huo huo wa 1995, mjini Unguja, umati ulimuua kijana mgonjwa wa akili kutoka bara kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Na Ayalandi nako si salama: mwaka 1895, huko Tipperary, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyeshikilia kwamba mkewe kachukuliwa na majini, jamaa zake huyu leprechaun, na aliyebaki ndani ni wa bandia. Miaka 100 kati ya mauti mawili, na kosa lile lile. Jones hana habari na upande huo kabisa. Kwake kijini ni kijini, anayekufa anakufa, tunacheka, tunazima. Ndiyo maana filamu yake haibaki na mtu hata usiku mmoja.

Atakayemtengenezea Popobawa filamu hana ruhusa hiyo. Amchekeshe mtazamaji, tena sana, lakini kamera aielekeze kwa sisi tuliolala nje. Mie ningeianzia barazani, usiku, watu wanataniana nani kavamiwa jana, kisha mgeni asiyejulikana anapita njiani, na kicheko kinakatika.