Toleo la 7 Lilimpima Nani?

Toleo la 7 la TNM, mfumo wa kupanga hatua za saratani, kwa saratani ya umio, lililoanza kutumika mwaka 2010, lilikosea kabla hesabu hazijaanza. Kundi la watafiti la WECC, Thomas Rice akiwa mstari wa mbele, lilikusanya wagonjwa 4,627 kutoka taasisi 13 na kuwabakiza waliopasuliwa tu. Aliyepewa dawa za kemo au mionzi kabla ya upasuaji hakuhesabiwa. Hesabu zenyewe zilifanywa kwa ustadi. Lakini jedwali lililozaliwa humo likaenda kuwapangia hatua wale wale waliofungiwa nje. Tazama jaribio la CROSS la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2012: mediani ya kuishi ilikuwa miezi 49.4 kwa waliotanguliziwa kemo na mionzi, na 24.0 kwa waliopasuliwa moja kwa moja. Kati ya waliotanguliziwa tiba kisha wakapasuliwa, asilimia 29 hawakukutwa na saratani yoyote iliyosalia. Hao ni T0N0. Watafute katika makundi ya hatua ya toleo la 7: hawamo. Aliyeitikia tiba kuliko wote ndiye aliyekosa hatua.

Watetezi husema tiba ya awali huvuruga sura ya uvimbe, kwa hiyo data safi ilihitajika. Hoja hiyo inamfaa anayechunguza mwenendo wa ugonjwa usioguswa. Haimfai anayemtabiria uhai mtu aliyekwisha kutibiwa. Wala hawawezi kusema tiba hiyo haikujulikana, kwani matokeo ya MAGIC, jaribio la kemo kabla na baada ya upasuaji, yalitoka mwaka 2006. Tena, walitia daraja la seli ndani ya hatua, kitu ambacho mionzi ikishapita hakisomeki kwa uhakika. Kaplan na Meier, mwaka 1958, walitafuta njia ya kumhesabu hata mgonjwa ambaye mwisho wake haujulikani. WECC waliwaacha ambao mwisho wao ungeweza kujulikana. Kwetu Afrika Mashariki, ambako aina ya seli bapa ndiyo imetawala, kosa hili si dogo: katika CROSS, kundi hilo lilipata miezi 81.6 dhidi ya 21.1.

Toleo la 8, kwa wagonjwa 22,654, liliwapa waliotanguliziwa tiba jedwali lao, bila daraja. Marekani lilianza kutumika mwaka 2018. Daktari, ukipokea ripoti ya mgonjwa wa namna hiyo isiyo na herufi yp, alama ya hatua iliyopimwa baada ya tiba, irudishe maabara.