Pazia Mbele ya Sikio

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Methali hii aghalabu hutajwa kwa watu wenye choyo, lakini yawafaa pia watu wenye kusifu. Mtu aliyelipa bei kubwa kwa kitu huvuta maneno upande wa kitu kile, wala hana haja ya kusema uongo ili afanye hivyo; fedha yake imekwisha msemea. Ni mahali pachache ambapo tabia hii huonekana wazi kama katika maandishi ya mashabiki wa sauti safi, yaani watu wa Marekani, Ulaya na kwingineko ambao hutoa mali nyingi ili santuri zilie vyumbani mwao kana kwamba waimbaji na wapigaji wamo humo humo. Maandishi hayo ni tawi la uhakiki. Yana wahakiki wake, magazeti yake, istilahi zake na magomvi yake. Kwa hiyo yastahili kupimwa kama upimwavyo uhakiki mwingine wowote: kwa kuuliza kama maneno yake yana kitu ndani.

Asili ya uhakiki huo ilikuwa njema. Mwaka 1962 J. Gordon Holt alianzisha Marekani gazeti lililoitwa Stereophile. Desturi ya siku zile ilikuwa kupima mashine kwa vyombo vya maabara, kuchapa tarakimu, kisha kunyamaza. Holt aliona kwamba tarakimu hizo hazikumwambia mnunuzi jinsi muziki utakavyosikika nyumbani kwake. Akaamua kusikiliza na kueleza alichosikia. Na kwa kuwa maneno ya kazi hiyo hayakutosha, akayatafuta na kuyafasili moja moja, hata mwisho ikapatikana faharasa nzima. Mwaka 1973 Harry Pearson alianzisha gazeti la The Absolute Sound, na jina la gazeti ndilo lililokuwa kanuni yake: kipimo cha kila mashine ni sauti ya ala halisi, isiyokuzwa kwa umeme, ipigwayo mahali halisi. Kanuni hiyo ina heshima. Humtaka mhakiki atoke kwake akasikilize fidla na tarumbeta kabla ya kuhukumu mashine.

Lakini shamba lililolimwa vizuri huotesha hata magugu. Maneno yaliyotungwa kwa ajili ya kueleza tofauti kubwa baina ya spika na spika yalianza kutumiwa kwa vitu ambavyo tofauti yake haikujulikana kuwapo. Kulikuja waya za bei ya ng'ombe kadhaa. Kulikuja vigingi vya kuinulia waya zisiguse sakafu. Karibu na mwaka 1990 ilienea habari kwamba mtu akipaka wino wa kijani pembezoni mwa sahani ya muziki isomwayo kwa leza, wino utameza mwanga uliotapakaa na muziki utasafika. Habari hiyo ilipendeza, ila leza isomayo sahani zile ina mwanga wa nanomita 780, ambao ni mwekundu kupita jicho la mwanadamu lionapo. Wino ulichaguliwa kwa rangi, na mwanga ulikuwa hauna rangi ya kuonekana.

Mwaka 2008 kampuni ya Denon ilitoa waya wa mita 1.5, wa namna ile ile iunganishayo kompyuta na kompyuta, kwa bei ya dola 499. Waya huo ulichorwa mishale ili mnunuzi ajue habari ielekee upande gani. Mabingwa wa dhihaka hawakukawia. Katika duka la Amazon waliandika sifa za uongo za waya huo, wakisimulia miujiza iliyowapata baada ya kuuchomeka. Sifa hizo ni fasihi ndogo yenye thamani, kwa sababu zilifichua jambo ambalo hoja ndefu haikufichua: aliyetaka kuzifanya zichekeshe alilazimika kuzidisha chumvi mno, maana sifa za kweli zilikuwa zimekwisha fika karibu na mwisho wa njia.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kwamba wote hao ni walaghai. Mwingereza Peter Belt, aliyefariki mwaka 2017, alifundisha mambo ambayo yangemtia haya mganga wa hirizi: kugandisha sahani za muziki katika jokofu, kufunga fundo katika waya, kuweka karatasi tupu chini ya mguu mmoja wa kitu chenye miguu minne. Aliuza vifaa, lakini mengi ya mafunzo yake aliyatoa bure kwa kila aliyetaka kujaribu. Laghai hagawi bure. Huyu aliamini, na wafuasi wake walisikia walichoahidiwa. Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa la polisi na kuwa la mhakiki.

Atakayesoma sifa nyingi za namna hii kwa mfululizo atakuta picha tatu zikirudi kila mara. Ya kwanza ni ya pazia. Kila kifaa kipya huondoa pazia lililokuwa baina ya msikilizaji na muziki. Mwaka ujao kifaa kingine huondoa pazia jingine. Mtu akiyahesabu mapazia yote yaliyoondolewa tangu magazeti hayo yaanze, itampasa aamini kwamba wasikilizaji wa kwanza walikaa nyuma ya duka zima la nguo. Picha ya pili ni ya weusi. Kimya kilicho kati ya noti na noti husemwa kuwa cheusi, kisha cheusi zaidi, kisha cheusi kuliko vyote, kana kwamba usiku una ngazi zisizokwisha. Picha ya tatu ndiyo yenye kuchekesha zaidi, nayo ni ya mke. Bibi huyu yumo jikoni, hapendi mambo ya mashine, hajui kwamba waya umebadilishwa. Mara anapaza sauti kuuliza ni kitu gani kimetokea, maana muziki umekuwa mtamu. Bibi huyu hana jina wala hapewi neno jingine la kusema katika makala nzima. Yeye ni shahidi ambaye wakili humwita akapata alichotaka, kisha humrudisha jikoni.

Kosa la picha hizi si kwamba ni picha. Lugha zote huazima kwa ulimi na kwa mkono ili zieleze jambo la sikio. Mswahili husema sauti tamu, sauti nyororo, sauti kavu, sauti nzito, wala hapana aliyewahi kuionja sauti au kuipima kwa mizani. Kosa lipo mahali pengine. Mtu akisema kwamba mwimbaji fulani ana sauti kavu, msikilizaji mwingine aweza kumjibu kwamba sivyo, na wawili hao wakaenda kumsikiliza tena. Maneno yao yanaweza kukosea, na kwa sababu hiyo yanaweza kupata. Lakini mtu akisema kwamba waya umeondoa pazia, na mwenzake asilione pazia lililoondolewa, hujibiwa kwamba masikio yake bado hayajakomaa, au mashine zake ni duni. Sifa isiyoweza kukosea imejengewa ngome pande zote. Na ndani ya ngome hiyo hamna mtu.

Basi yafaa kutazama jambo lenyewe. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, kama utumiwao kwa taa, ukienda mita 5 hadi kwenye spika na kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.115. Spika ya kawaida ina omu 8. Waya basi hudai kama sehemu 1 katika 70. Waya mwembamba sana na mrefu sana waweza kuharibu mambo, na mwenye nyumba akinunua waya mnene kidogo kwa bei ya dukani atakuwa amemaliza shauri. Ama kuhusu waya wa umeme utokao ukutani, hoja yake ni ngumu zaidi. Umeme umesafiri kilomita nyingi kwa nyaya za kawaida, umepita katika transfoma na kuta za watu. Kisha husemwa kwamba utu wake wote umeokolewa na mita 2 za mwisho.

Wenye bidhaa hujibu kwamba sikio hujua zaidi ya tarakimu. Na liulizwe sikio, ila liulizwe kwa haki. Sikio lina udhaifu unaojulikana: sauti ikiongezwa kidogo mno, kwa kiasi kisichotambulikana kuwa ni ongezeko, huonekana kuwa sauti bora. Kwa sababu hiyo wapimaji hulinganisha ukubwa wa sauti mbili hadi sehemu ya kumi ya desibeli kabla ya kuzilinganisha, tena humficha msikilizaji asijue ni ipi inayolia. Njia ya kulinganisha sauti A, sauti B na sauti ya tatu isiyotajwa ilielezwa na Munson na Gardner wa Marekani mwaka 1950. Hapa ndipo pana kejeli isiyotungwa na mtu. Watu ambao kazi yao ni kuondoa mapazia hukataa katakata kuwekewa moja tu, lile la kuwafichia jina la kitu na bei yake. Holt mwenyewe, mwaka 2007, katika uzee wake, alisema kwamba fani aliyoisaidia kuzaliwa ilipoteza heshima katika miaka ya 1980 ilipokataa majaribio ya namna hiyo. Lawama ya adui hupita kama upepo. Lawama ya mzazi hukaa.

Mwaka huo huo wa 2007 Meyer na Moran wa Boston walitangaza matokeo yao. Walichukua sahani zilizonakiliwa kwa ufundi wa juu kuliko wa sahani za kawaida, kisha wakapitisha muziki ule ule katika kipimo cha sahani za kawaida, wakawauliza wasikilizaji ni upi. Katika majaribio 554 walijibu sawasawa mara 276, yaani kama mtu arushaye sarafu. Kazi yao ilipingwa, na haki yapasa isemwe yote: mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya watu mbali mbali, yenye majibu zaidi ya 12,500, akapata kwamba wasikilizaji walipatia mara 52.3 katika kila 100. Basi tofauti ipo, na waliozoezwa husikia zaidi kidogo. Ila na iwekwe 52 kando ya pazia lililoondolewa, usiku uliozidi usiku, na bibi aliyeduwaa jikoni. Tena hiyo ni tofauti iliyopatikana katika kunakili muziki wenyewe; karatasi chini ya mguu wa kabati haijafika hapo.

Hapo msomaji wa fasihi aweza kucheka akaridhika, akidhani kwamba ugonjwa huo ni wa matajiri wenye mashine. Asicheke haraka. Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alitoa kitabu chake Practical Criticism. Alikuwa amewapa wanafunzi na wasomaji wengine mashairi 13, akificha majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao. Wasomaji hao walikuwa wateule wa chuo kikuu chenye sifa. Lakini jina lilipoondolewa, wengi walipotea. Shairi la John Donne, ambaye kila mmoja wao angalimsifu kama angalimwona mlangoni, lilipata walaumu wengi kuliko wasifu. Lilikuwa jaribio la pazia, nalo liliwapata wahakiki kama lilivyowapata wenye waya.

Je, hali yaweza kuwa njema zaidi katika uhakiki wa Kiswahili? Mwalimu yeyote asahihishaye insha za ushairi anayajua maneno yafuatayo kwa moyo: lugha ni tamu, mafumbo ni mazito, mtunzi ametumia lugha ya mvuto, ujumbe unagusa jamii, vina na mizani vimetimia. La mwisho tu ndilo liwezalo kukosea, kwa sababu mizani huhesabika. Mengine yote yaweza kuhamishwa kutoka shairi hadi shairi bila kudondosha tone, kama pazia lihamavyo kutoka waya hadi waya. Mwanafunzi huandika kwamba shairi la mtunzi mashuhuri ni tamu kwa sababu jina limekwisha lipwa bei yake. Amwonapo mtunzi asiyejulikana hunyamaza, akingoja aambiwe. Akipenda, chongo huita kengeza; asipojua kama yampasa kupenda, hata jicho zima halioni.

Hasara ya mwenye waya ni dola 499, naye aweza kuzifidia. Hasara ya mwanafunzi ni kubwa kuliko hiyo. Aliyesoma shairi asihisi kitu, kisha akaandika kwamba limemgusa, amejifunza kutoliamini sikio lake. Na baada ya mara kumi hataliuliza tena. Atakuwa mwalimu, atawafundisha wengine maneno yale yale, na shairi bora la kijana asiye na jina litapita mbele yao wote pasipo mtu kulisikia.

Dawa haina gharama. Mara moja katika muhula mwalimu na awape wanafunzi tungo tano zisizo na majina: mbili za watunzi wakuu, mbili za watunzi wa kati, na moja ya darasani mwao. Waandike wanachosikia, na kila sifa iambatane na neno au mstari uliopo mbele ya macho, ili mwenzao aweze kusema kwamba sivyo. Watakosea sana mara ya kwanza, na mwalimu huenda akakosea pamoja nao, wala hiyo si aibu. Ndipo majina yafunuliwe na mazungumzo yaanze.