Swichi Inayojua Kuachia

Mtambo wa kupoza kwa sumaku ukisifiwa, sifa zote huiendea sumaku. Naona si haki. Kinachoutegemeza ni kiungo kidogo kiitwacho swichi ya joto, chenye kazi mbili tu, kushika na kuachia. Chumvi ya sumaku ikiingizwa kwenye uga wa sumaku hupata joto. Swichi hushika, joto likahamia kwenye heliamu ya kimiminika. Kisha swichi huachia, uga hupunguzwa polepole, na chumvi ikashuka kwenye baridi kali. Kushika si kazi kubwa. Ufundi umo katika kuachia.

Wanasayansi Giauque na MacDougall walipofikia kelvini 0.25 huko Berkeley, mwaka 1933, walitumia gesi ya heliamu kuondoa joto, kisha wakaivuta nje kwa pampu. Mwaka 1949 wanafizikia Heer na Daunt wakaleta wazo la swichi ya metali iliyopoteza ukinzani wa umeme: elektroni zake zikishaungana jozi jozi haziwezi tena kubeba joto, lakini ukiiwekea sumaku ndogo hurudia hali yake ya kawaida na kupitisha joto. Risasi, bati, alumini, metali za kila siku kabisa. Katika elimu yote ya baridi sijaona wazo lililonyooka kama hilo.

Hata hivyo, moyo wangu uko kwa swichi ya mwanya. Vipande viwili vya shaba huchongwa mapezi, pezi la huku likaingia kati ya mapezi ya kule, na visigusane popote. Nafasi iliyobaki haifiki nusu milimita. Punje moja ya shaba ikisahaulika humo, joto limepata daraja. Vipande hivyo hushikiliwa na mrija wa titani, mwembamba ili joto lisipenye pembeni, lakini wenye nguvu za kustahimili mtikisiko wa roketi. Fundi hutafuta unene wake baina ya hofu hizo mbili. Kando hukaa mkaa kidogo. Ukipashwa, hutoa heliamu-3, gesi ikajaza mwanya na joto likavuka. Ukiachwa upoe, huinyonya gesi yote, pakabaki ombwe. Hakuna kinachosogea wala kusuguana, kwa hiyo hata kule kuachia hakuzalishi joto la msuguano.

Swichi za namna hii zilikuwa ndani ya Hitomi, setilaiti ya Japani iliyorushwa Februari 17, 2016. Kitambuzi chake cha eksirei kilipozwa hadi kelvini 0.05, na swichi zikatimiza wajibu wake. Machi 26 setilaiti ikapotea. Vigezo vya injini ndogo za kuigeuza vilitumwa vikiwa na makosa, bila kukaguliwa ipasavyo. Ikazunguka hadi ikavunjika. Kazi ya miaka, iliyopimwa kwa visehemu vya milimita, imeangamizwa na tarakimu! Mrithi wake, XRISM, alirushwa 2023, na kazi ikaanzwa upya.

Siku hizi maabara nyingi hununua mtambo uliokwisha fungwa. Mwanafunzi hubonyeza kitufe, baridi ikaja, naye akahitimu bila kuuona mwanya ule. Mapezi, mkaa na mrija vimefichwa ndani ya kasha, na waliozoea kuvipima kwa vidole wanazidi kuzeeka. Enyi mnaofundisha fizikia ya baridi, kabla hamjamkabidhi kijana kitufe, mpeni shaba na tupa, atengeneze swichi moja kwa mikono yake, aipime ikiwa imeachia, na ikivuja airudie.