Mathenge ya Baringo: Kosa Lilianzia Kitaluni

Mvua zikikaribia, hesabu za miche hututangulia. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na katika hafla za upandaji swali la mti gani huachwa nyuma. Nimeshalipigia kelele suala la mikaratusi kwenye kingo za mito. Leo narudi Baringo. Kupanda mathenge kule mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa kosa la kitaalamu, wala si bahati mbaya.

Ardhi ilikuwa imechakaa, kuni hakuna, malisho hakuna. Matuta ya kukingia maji yalichimbwa vizuri. Lakini mti uliochaguliwa, mathenge (Prosopis juliflora) kutoka Amerika, ulipendwa kwa kuwa unashika upesi penye ukame na chumvi. Hapo ndipo pa kusimama. Mti usioshindwa na ukame wala chumvi, nani atauzuia ukishatoka shambani? Maganda yake ni matamu. Mbuzi huyala, mbegu hupita tumboni zikiwa nzima, na kinyesi huzipanda penye njia za mifugo na kingo za maji. Ukiukata, kisiki huchipua mashina mengi kuliko uliyokata. Mizizi huyafuata maji chini sana, na nyasi hazioti kivulini pake. Australia ilikuwa imeshaanza kuhangaika na jamii hiyo ya miti kabla mche wa kwanza haujafika Baringo. Kuuleta katika nchi ya wafugaji, ambako kila mbuzi ni mpanzi, ni uamuzi nisioweza kuutetea.

Walioulipia ni Ilchamus, wafugaji wa Baringo. Malisho yalizibwa, miiba ikatoboa kwato, utamu wa maganda ukaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Serikali iliutangaza mti huo gugu hatari mwaka 2008, robo karne baadaye. Na hawa wanaosema tuutokomeze kwa kuchoma mkaa wajibu kwanza: visiki vinang'olewa na nani?

Waliootesha nyasi za asili ndani ya uzio huko huko Baringo wamefanya kazi safi.

Mabingwa wangu lakini ni wazee wa Shinyanga, Tanzania. HASHI, programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanza 1986, nayo ilianza na vitalu na miche ya kigeni, kisha ikawasikiliza Wasukuma na ngitili yao: malisho yanafungwa masika, yanafunguliwa kiangazi kikikaza. Visiki na mbegu zilizolala ardhini vikaamka, migunga ikasimama, ndege na wanyama wakarudi. Sheria za kijiji na sungusungu, walinzi wa jadi, ndizo zilizolinda. Kutoka hekta zipatazo 600, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Ndugu zangu wa misitu, kabla ya kubeba mche wa kigeni, ifungeni ardhi hiyo misimu miwili mitatu mwone kitakachoota chenyewe.