Mchezo na Kisicho Mchezo: Sanaa za Kupigana katika Sinema, Mashindano na Kujihami

Kiswahili huita mchezo igizo la jukwaani, na huita mchezo vilevile pambano la uwanjani. Husemwa kuwa fulani amecheza filamu, na kuwa mwingine anacheza judo. Bali mtu aliyevamiwa njiani usiku hasemwi kuwa anacheza. Hapo husemwa: si mchezo. Mpaka huo, ambao lugha imekwisha kuuweka, wafaa kuwa msingi wa kuhakiki sanaa za kupigana, kwa kuwa watazamaji wengi huzichukua zote kuwa kitu kimoja.

Katika sinema, pigo hutupwa kwa ajili ya jicho la mtazamaji. Mfano bora ni The Way of the Dragon (1972), filamu aliyoiongoza Bruce Lee mwenyewe. Humo anapambana na Chuck Norris katika magofu ya Colosseum ya Roma, ingawa sehemu kubwa ya pambano ilipigwa picha studioni Hong Kong. Kabla ya kuanza, wote wawili wananyoosha viungo bila haraka, huku paka mdogo akiwatazama. Mateke ni mapana ili yaonekane. Pembe ya kamera huficha nafasi iliyobaki kati ya mguu na shavu. Mlio wa pigo huongezwa baadaye. Anayeitwa adui kwa kweli ni mshirika, kwani anajua pigo lijalo.

Katika mashindano, mpinzani ni wa kweli, lakini amefungwa na kanuni kama mwenzake. Kano Jigoro, aliyeanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, aliyaacha mapigo ya mkono na mguu katika mazoezi ya mpangilio tu, ili wanafunzi waweze kuangushana kwa nguvu zote bila kuumizana. Kanuni, basi, si udhaifu wa mchezo, ndizo zinazouwezesha. Katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, fainali ya karate ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 ilidhihirisha jambo hilo. Tareg Hamedi wa Saudia aliongoza kwa pointi 4 kwa 1, kisha teke lake likamzimisha Sajad Ganjzadeh wa Irani. Aliyebebwa kwa machela ndiye aliyepata dhahabu. Aliyebaki amesimama aliondolewa kwa kupiga bila kujizuia. Sinema ingaliishia kwenye teke hilo kwa shangwe. Karate ya mashindano hupima pigo linalotawaliwa, na kwa kipimo hicho uamuzi ulikuwa sawa.

Kujihami hakuna mtazamaji wala refa. Wavamizi huenda ni wawili, mmoja ana kisu, na chini ni mawe. Mwamuzi huja baadaye, mahakamani, naye huuliza kama nguvu iliyotumika ilihitajika na kama haikupita kiasi. Shabaha si kushinda, bali kufika nyumbani. Wahenga walikwisha kusema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hapa ndipo tofauti inapokuwa wazi kabisa. Kukimbia, ambako ndiko kujihami kulikokamilika, katika judo ni kosa, kwani anayetoka nje ya eneo la pambano huadhibiwa. Na shujaa wa filamu akikimbia, hadithi imekwisha.

Haifuati kwamba sinema ni uongo na mashindano ni upuuzi. Judo humzoesha mtu kuanguka salama na kukabili mwili unaokataa. Filamu huonyesha uzuri wa mwendo na huwasha hamu ya kujifunza. Mhakiki anayeilaumu filamu kwa kutofaa njiani amekosea kipimo. Lawama inamstahili mwalimu anayeuza kimoja kwa jina la kingine: anayemfundisha kijana kunyang'anya kisu kwa teke la sinema, bila kumfundisha kwanza kutoa mfuko wake na kuondoka. Kosa hilo halilipwi na mwalimu.