Wapiga eksirei wa njia ya malori

Usiku na mchana malori ya Rwanda hupita barabara ya Lusahunga hadi Rusumo. Anayeumia huku kwetu Kibimba hukimbizwa hospitali, Ngara au Biharamulo.

Kinachomtaabisha zaidi mpiga eksirei ni shingo. Pingili zake ni saba, na ya mwisho hujificha nyuma ya mabega. Basi mikono ya majeruhi huvutwa taratibu kuelekea miguuni, kichwa kikiwa kimeshikwa kisitikisike; picha isiyoonyesha zote saba hurudiwa. Naiheshimu mno subira hiyo, hasa saa nane za usiku, ndugu wakigonga mlango. Kumgeuza tu majeruhi ni kazi ya watu wanne, mmoja akihesabu ili wageuze kwa pamoja.

Daktari hupitisha ultrasaundi tumboni kutafuta damu, kisha humulika mboni tena na tena, maana eksirei haionyeshi damu inayovuja ndani ya fuvu. Hapo hutakiwa sitiskani, na huenda safari ikawa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, gari la wagonjwa lilivushwa kwa kivuko pale Busisi, muuguzi akiendelea kuhesabu pumzi za mgonjwa asiyemjua.