Kopo la Aiskrimu, Maswali Sita

Ukimuuliza mtu kama husoma maelezo ya lishe kwenye pakiti, mara nyingi atasema ndiyo. Jibu hilo halipimi kitu. Mwaka 2006 Russell Rothman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 200. Asilimia 89 walisema hutumia lebo za vyakula. Kisha wakawekewa lebo zenyewe mbele yao na kuulizwa maswali 24. Mojawapo lilihusu chupa ya soda ya karibu mililita 590, ambayo kwa mujibu wa lebo ilikuwa na vipimo viwili na nusu, yaani viwango vya kunywa kwa mara moja. Anayeimaliza chupa nzima anakunywa gramu ngapi za kabohaidreti? Waliopata jibu ni asilimia 32 tu. Wala hawakuwa watu wasiosoma: takribani theluthi mbili yao walikuwa wamefika chuo.

Nafasi iliyopo kati ya 89 na 32 ndiyo inayonifanya nikitetee kipimo cha uelewa kilichochapishwa mwaka mmoja kabla yake, ambacho kinastahili kujulikana na kila anayefanya kazi ya lishe. Kinaitwa Newest Vital Sign. Waliokitengeneza, Barry Weiss wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake, walitaka daktari aweze kujua kwa haraka kama mgonjwa wake anaelewa maelezo ya afya anayopewa. Walianza na nyaraka tano, zikiwemo maelekezo ya dawa na fomu ya ridhaa ya matibabu. Iliyobaki mwishoni ni moja: lebo ya kopo la aiskrimu. Wakaijaribu kwa watu 500, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kihispania, na ilichukua takribani dakika tatu kwa kila mtu.

Mgonjwa hushika lebo mkononi muda wote. Hatakiwi kukariri chochote. Lebo inasema kopo lina vipimo vinne, kila kimoja nusu kikombe chenye kalori 250. Swali la kwanza: ukila kopo zima utapata kalori ngapi? Ni 1,000, lakini namba hiyo haikuandikwa popote. Lazima uone kwamba 250 si ya kopo, kisha uzidishe. Swali la pili: ukiruhusiwa gramu 60 za kabohaidreti, unaweza kula aiskrimu kiasi gani? Kipimo kimoja kina gramu 30, kwa hiyo jibu ni kikombe kimoja. Hapa pana ufundi ninaoupenda sana. Mtu akijibu "vipimo viwili", muulizaji haandiki kwamba amepata. Anamuuliza tena: ukiipakua kwenye bakuli, hiyo ni aiskrimu kiasi gani? Swali hilo dogo linamtenganisha aliyegawanya namba na yule anayejua namba hizo zitaonekanaje mezani.

La tatu ni la kutoa: unakula gramu 42 kwa siku za mafuta yanayoganda, aiskrimu ikiwemo; ukiacha kipimo kimoja cha aiskrimu chenye gramu 9, zinabaki ngapi? La nne linadai asilimia, kwa mtu anayekula kalori 2,500 kwa siku, na lina mtego, kwa kuwa asilimia zilizochapwa kwenye lebo zimekokotolewa kwa kalori 2,000. Mawili ya mwisho hayana hesabu kabisa. Unaambiwa una mzio wa vitu kadhaa, karanga zikiwemo. Je, aiskrimu hii ni salama kwako, na kama si salama, kwa nini? Jibu limejificha katikati ya orodha ndefu ya viambato: mafuta ya karanga. Anayepata manne hadi sita anahesabiwa kuwa na uwezo wa kutosha. Anayepata sifuri au moja, yamkini ana shida kubwa ya kuelewa maelezo ya afya.

Udhaifu wake uko wazi: maswali manne kati ya sita ni hesabu. Mama anayejua vizuri kupanga mlo wa wanawe, nafaka na kunde na mboga, anaweza kushindwa na asilimia akapewa alama ya chini, na kijana mwenye alama sita akalimaliza kopo usiku huo huo. Uwezo wa kutumia habari si sawa na kuitumia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 2014 unapima maarifa, mtazamo na mazoea kila kimoja peke yake: kwenye maarifa unapendelea maswali ya wazi ili mtu asibahatishe, na kwenye mazoea unauliza alichokula saa 24 zilizopita.

Pia kosa si la msomaji peke yake. Rothman aliona wengi wakikwama pale pale, kwenye ukubwa wa kipimo, na mimi nasema lebo inayowaangusha wawili kati ya watatu ndiyo yenye kasoro. Kanuni mpya za Marekani za mwaka 2016 zilitaka chupa kama ile ya soda ihesabiwe kuwa kipimo kimoja. Chile, mwaka huo huo, iliondoa hesabu kabisa sehemu ya mbele ya pakiti na kuweka alama nyeusi yenye pembe nane inayosema bidhaa ina sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki lebo nyingi hutaja kiasi kwa gramu 100 au mililita 100, na mzigo wa kuzidisha unabaki kwa mnunuzi. Soda yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, chupa yake ya nusu lita ina gramu 50, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linakiweka kuwa ukomo wa siku nzima kwa anayekula kalori 2,000. Kwa hiyo wewe unayeandaa dodoso la lishe, futa swali la "je, husoma lebo?" Nunua soda dukani, mpe mhojiwa chupa mkononi, kisha muulize ina sukari kiasi gani.